Tundu Katikati

Ya kwanza ilikuwa nyepesi kama boksi la viatu.
Eliforo, dukani kwake nyuma ya stendi ya Moshi,
akaifunua kinywa, akanihesabia katriji nne,
akataja bei kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi.
"Inachapa karatasi tu?" nikamuuliza.
"Sasa wewe dada ulitaka ichape nini? Chapati?"

Nikatoa sidii kwenye mkoba, nikaigeuza:
upande mmoja kioo, upande wa pili mweupe,
mkavu, unaokwaruza kidogo ukipitisha kucha.
"Hii. Juu ya hii yenyewe. Bila stika."

Stika nimeachana nazo.
Ile harusi ya Kilema, stika ilibanduka ndani ya deki,
bwana harusi akanipigia saa nne usiku:
"Mke wangu amekwama. Ameachama,
ndafu imefika kidevuni, haiingii."

Maka peni nayo nimeachana nayo.
Mazishi ya Mzee Ndelilio, kule Mwika,
niliandika kwa mkono sidii kumi na moja,
kumi za watoto, moja ya mama.
Watoto siku hizi wanataka flashi,
kitu kidogo kama jino, kinafuliwa na suruali.
Mama alitaka cha kuweka kabatini,
kati ya vikombe vya wageni na kitabu cha nyimbo.
Aliponirudishia, jina lilikuwa limekwisha.
Alilifuta mwenyewe, kwa kulishika.

Eliforo akawasha ya pili, ya matangi.
Wino wake unauzwa kwa chupa kama soda,
ila trei ya kubebea sidii haikuja nayo,
"tunaagiza Nairobi, wiki mbili,"
na wiki mbili za Eliforo nazijua.

Ya tatu alikuwa ameifunika kanga chini ya kaunta.
Mtumba wa Japani, kona moja imepasuka,
wino rangi sita, na inakunywa, akakiri,
kama ng'ombe waliotoka Simanjiro.
Akabonyeza. Ikatoa ulimi.
Ulimi wenye duara, kipimo cha sidii yangu.
Sikutaka asome uso wangu. Nikauliza bei ya feni.

Kisha nikampa picha ya kujaribia.
Mama alitaka sura ya mzee ikae katikati,
katikati kabisa, kama kwenye shilingi.
Ulimi ukaingia, mashine ikanguruma, ukatoka:
kofia ipo, kola ipo,
na pale penye pua na mdomo, tundu.
Eliforo hakucheka. Nilimshukuru kwa hilo
kuliko kwa elfu thelathini alizonipunguzia.

Tukamsogeza kushoto, sikio likaanguka nje.
Tukampunguza, akawa mtoto.
Kwenye sidii ya tano umeme ukakatika,
tukakaa gizani tunanusa wino.

Nyumbani nikatafuta picha nyingine.
Mzee amesimama kando ya mlango wake,
migomba imechungulia juu ya bati,
mkono kiunoni, kama anayengoja
wageni wamalize kuvua viatu.
Nikaipima kwa rula, nikaichapa,
nikalowesha kidole gumba, nikasugua.
Migomba ikachuruzika. Nikachapa nyingine,
nikaiacha usiku kucha juu ya friji, mbali na watoto.
Asubuhi nikasugua tena. Mzee hakusogea.

Deni la printa linaisha mwezi wa tisa, Mungu akipenda
na watu wakiendelea kuoana.

Mama aliishika kama nilivyomfundisha:
usiguse kioo, pitisha kidole tunduni.
Tundu lilikuwa limeangukia mlangoni.
Akakitazama kidole chake, kilivyoingia
ndani ya nyumba, ubavuni mwa mume wake.
"Hodi," akasema.