Unatafuta Nini

Kisanduku cheupe humwuliza kila mtu swali lile lile:
Unatafuta nini?
Kana kwamba watu wa Mbale hupanda hadi dukani kwangu
jibu likiwa mfukoni.

Mimi ndiye ninayewaandikia. Kompyuta tatu,
moja imepoteza herufi M,
kwa hiyo mama kwake ni aa
na mvua ni vua.

Asiligwa alikuja na mikono ya grisi, ameiinua asiguse kitu.
Pikipiki ya watu iko nje, matumbo yake juu ya gunia.
"Nitafutie mtu anayefungua kabureta," akasema,
"lakini awe anaifungua.
Si wa kunisalimia dakika saba na kuniomba nibonyeze kengele."
Nane wa kwanza walisalimia.
Wa tisa alikuwa mikono tu, bila uso, jogoo akiwika nyuma yake,
na Asiligwa akamwita ndugu.

Binti wa Kidiga, sare ya shule, shilingi kumi:
anataka ile ya figo, ya jana,
kuanzia pale bando lilipomwishia.
Si mwanzo. Pale.
Maktaba imesahau. Maktaba ile ile inayokumbuka viatu
nilivyovitazama mara moja, kwa makosa,
ikanifuata navyo hadi leo kama mdai.

Saa tisa, mawingu yakiegemea miamba, akaingia Vugutsa.
"Mazishi ya kaka yangu Enosi. Mpiga picha alisema ameyaweka huko."
Jina la video? Hajui.
Mwaka? Ule wa viwavi kwenye mahindi.
Niliandika Kiswahili, nikaandika Kimaragoli,
nikaletewa maharusi watatu na mtu anayeuza matangi ya maji.
Umependa hii? Utapenda na hii.
Vugutsa akainama karibu na kioo:
"Huyu anayesema nitapenda, ananijua?"

Tuliyapata. Waliotazama: kumi na mmoja.
Nikadhani anataka jeneza, au hotuba, au kwaya.
"Peleka mbele. Mbele. Hapo."
Nyuma ya hema, msichana anapita na beseni la sahani,
anamcheka mtu tusiyemwona.
Sekunde nne.
"Jendeka," akasema. "Huyu wangu hakupenda kupigwa picha."
Sikuuliza yuko wapi. Nilirudisha.
Nilirudisha mpaka nikamjua kwa hatua zake,
na mara ya sita au ya saba mvua ikashuka na stima ikaenda,
beseni likiwa bado halijafika mlango wa jikoni.

Tulikaa gizani, mabati yakipiga kelele.
Nikachana karatasi ya risiti, nikaandika kwa tochi ya simu:
dakika ya hamsini na mbili, sekunde ya kumi.
Aliifunga kwenye pindo la leso pamoja na sarafu,
akaivuta fundo kwa meno.
"Nikija kesho," akasema, "usiniulize."