Betri Mbili

Karakana yangu iko Pasua, mgongoni mwa mashine ya unga.
Grenda ya waya naijua kama nijuavyo kikohozi changu:
inavuta umeme, inalia, haiombi kupumzika.
Hii ya betri nilinunua Januari kwa fedha ya mchezo.
Mume wangu akauliza, "Na ikizima?"
Ikizima imezima, nikamwambia. Hata wewe unazima.

Ila naipenda, sitasema uongo.
Naitia kwenye kiroba, napanda pikipiki,
nakata bati juu ya paa bila kumwomba mtu soketi,
bila ule waya wa mita thelathini wenye viraka vya nailoni.

Jumamosi wakanipigia kutoka Uru:
Mzee Ndelilio amefika kwake na hawezi kuingia.

Nilijua kabla hawajamaliza. Lile bomba.
Mwaka ule bodaboda walipogeuza kihamba chake njia ya mkato
alinipandisha kule, tukavuta umeme kwa jirani,
akanisimamia, mikono nyuma:
"Katikati ya lango. Zege ndani. Mwanangu, lisitikisike."
Akapunguza elfu tano kwenye malipo,
akafidia kwa mkungu wa mshare.

Sasa jeneza liko barabarani, juu ya mabenchi mawili.
Kwaya imemaliza beti zote, imerudia la kwanza.
Umeme umekatika tangu alfajiri.
Wangeweza kumpitisha juu ya bomba; mjane amekataa,
mume wake harushwi ukutani kama gunia.
Wanaume wenye suti wananitazama
kana kwamba mimi ndiye niliyemfungia nje.
Na kweli ni mimi.

Betri ya kwanza ilikula chuma vizuri.
Cheche ziliruka hadi kwenye mibuni,
mchungaji akakusanya joho, akarudi hatua mbili.
Diski ndogo haifiki katikati ya bomba la inchi tatu,
unazunguka nalo kama unamenya chungwa.
Vumbi la zege likatua kwenye mashada.
Taa tatu. Mbili. Moja.
Nikabadilisha. Ya pili ilikuwa nusu:
usiku niliichomoa nichaji simu.

Kisha sauti ikageuka.
Fundi husikia kabla hajaona: chuma ndani ya zege.
Nondo, milimita kumi na mbili,
imeegemea upande mmoja, kama nilivyoiacha
kwa mikono hii, bila kuagizwa,
maana nilikuwa bado najifunza
na niliogopa kudharauliwa.

Grenda ikapunguza mwendo, ikaguna, ikanyamaza.
Umeme ukikatika unalaumu shirika.
Betri ikiisha mnabaki wawili, wewe na kitufe.
Nilibonyeza mara nne. Watu walihesabu.
Msumeno wa mkono? Uko Pasua, kwenye msumari wake.

Ndipo mjane, Mama Aikaeli, akaja na viatu vya kanisani,
akashika bomba kwa juu, akasukuma.
Hakusema kitu.
Wakaja wajukuu, mchinjaji, mwenyekiti wa kitongoji,
hata bodaboda mmoja, wa wale wale,
kwenda, kurudi, kwenda, kurudi,
kama kung'oa jino la mtu mbishi,
hadi zege likapasuka na nondo ikapata moto,
ikachoka, ikasema tak.

Kisiki kilibaki na ncha.
Nikavua kitenge changu cha juu, nikakifunika,
wabebaji wasichanike suruali.
Akaingia.

Usiku, Pasua, umeme umerudi.
Chaja inapepesa wekundu wake pembeni ya sufuria.
Nimeandika kwenye daftari: Uru, bomba moja,
na mahali pa bei sijaandika kitu.
Msumeno nimeutoa kwenye msumari,
nimeuingiza kwenye kiroba, ubavuni mwa grenda.
Walale humo wote wawili.