Mabano

Saa nane usiku, Entebbe, ghorofa ya pili,
tumebakiwa na mabano kumi na manne.
Neno lisiloafikiwa hufungiwa humo,
kama ndama aliyevutwa kando
povu likiwa bado mdomoni.

Mimi ndiye mwenye kalamu upande wetu.
Mkuu wa msafara ni Bi Kabahenda,
aliyevua viatu chini ya meza tangu magharibi
na hajapaza sauti hata mara moja.
Nikiambiwa funga, nafunga.
Nikiambiwa fungua, nafungua.

Ng'ambo ya meza wako kumi na tisa.
Wana mtu wa jibini, mtu wa mbegu,
mtu ambaye kazi yake yote duniani
ni ugonjwa wa miguu na midomo.
Sisi tu wanne, na mmoja ana malaria.
Wakitajwa samaki, naitwa.
Ikitajwa sukari, naitwa tena.

Kifungu cha thelathini na saba: maziwa ya unga.
Bwana Verhaegen anasema, kwa upole wa daktari wa meno,
"Ushuru ushuke polepole, miaka kumi na mitano.
Hakuna atakayeumia."
Hakuna.
Naliandika neno hilo pembeni
na kulitazama lilivyo fupi.

Maana naijua Rushere ya alfajiri,
baba akifunga madebe mawili kwenye baiskeli,
foleni ya kituo cha kupozea maziwa,
kijana mwenye kipimo asiyemwamini mtu.
Naujua mwaka ambao bei ilianguka
kituo kikafunga lango saa mbili asubuhi,
na Mzee Kagwisagye, mtu asiyemwaga hata maji ya kunawa,
akamwaga lita arobaini kando ya barabara.
Mbwa walishiba siku ile.
Mimi nilikaa nyumbani muhula mzima.

Ugomvi wenyewe ni wa maneno mawili.
Bei ikianguka, nchi [itapandisha] ushuru,
au nchi [inaweza kuomba kupandisha] ushuru?
Tumelikalia hilo tangu chakula cha jioni.
Kuomba: nani? Kwa barua gani?
Ijibiwe lini, na maziwa yakikaa wapi
wakati barua iko njiani?

Mhudumu akaleta chai.
Kwenye sahani, vikopo vya maziwa vidogo kama gumba.
Bi Kabahenda akachukua kimoja, akavaa miwani,
akasoma lebo taratibu hadi mwisho,
mji, namba ya kiwanda, tarehe,
kisha akakiweka juu ya kifungu cha thelathini na saba.
"Saini bado," akasema,
"na nyie mmeshafika."
Akanywa chai yake kavu.

Mtu wa jibini alicheka. Verhaegen hakucheka.
Aliomba dakika ishirini, wakatoka wote kumi na tisa,
wakarudi na neno letu mkononi.
Itapandisha. Na bei yake.

Kutoa ni moyo, husema watu.
Chumba hiki, kutoa ni hesabu:
walitaka kifungu cha arobaini na moja,
ushuru tunaowatoza wanaosafirisha ngozi mbichi,
ule unaowalisha wale watengeneza ngozi wa Jinja
niliokutana nao mara moja tu, mikono yao imebabuka,
wakinipa kiti na soda.
Bi Kabahenda alinitazama kwa muda mrefu
kama anayetaka mimi nikatae.
Kisha akasema, "Fungua."

Nikafungua.
Maziwa yakabaki, ngozi ikaenda.
Ng'ombe ni yule yule.

Yamebaki mabano kumi na mawili.
Wadudu wa ziwani wamejaa kwenye taa,
wanaanguka juu ya karatasi, nawapuliza.
Saa kumi na mbili simu inatetemeka mfukoni.
"Leo wamepokea zote," baba anasema,
nyuma yake madebe matupu yanagongana.
"Na huko, mnaendeleaje?"
Vizuri, nikamwambia. Maziwa yako salama.
Akashukuru, akauliza kama nimekula.
Ya ngozi sikumtajia.