Ngeli ya Buibui

Miaka kumi na moja nilifundisha ngeli, Konde:
buibui huyu, buibui hawa, mwenye miguu minane;
buibui hili, mabuibui haya, lililoanikwa kambani.
Watoto walicheka. Niliwaacha wacheke.

Msimu huu nimeajiriwa mezani,
nyuma ya ofisi ya msitu, Ngezi:
hadubini moja yenye kioo cha ufa,
vichupa mia mbili na arubaini vya spiriti,
na kazi ya kuwatenga vibete.

Vibete hasa. Milimita moja na nusu,
na hapo umehesabu na miguu.
Mama ndiye apepetaye majani makavu,
Mize binti Faki, magoti kwenye unyevu,
ungo ule ule wa mchele.
Huanguka jongoo, huanguka kokwa na ganda la konokono,
kisha kitu kinatembea:
chembe ya pilipili manga yenye nia.
"Mwanangu, huyu asojaa ukuchani
ndiye mnayemtilia gari mafuta?"

Kitabu kinasema: mtazame dume.
Kichwa kina kinundu, macho yamepanda juu yake
kama walinzi juu ya dari,
na kwenye kipapasio kitu kimejikunja,
ufunguo wa kasha lisilopatikana bado.
Kila spishi na ufunguo wake.
Jike ni jike tu. Kahawia, laini,
hukaa kichupani
mpaka dume lake lionekane, ndipo apewe jina.
Nimeandika kwa penseli mara sabini na tatu:
jike, hajulikani.
Jike, hajulikani.
Penseli ikakatika.

Na jenasi yenyewe haijatulia.
Mmoja aliiunda kwa dume mmoja aliyepungua mguu,
wa pili akaivunja,
wa tatu akairudisha nusu, kama talaka rejea.
Lakini sarufi, mama yetu sote, haibabaiki:
hata aliyekufa, hata aliyezama kwenye spiriti
mwaka mzima, humwita *huyu*.

Ramani iko ukutani.
Ngezi nukta nne. Msitu Mkuu mbili.
Ras Kiuyu moja, na alama ya kuuliza.
Upande wa Unguja, Jozani, tano zimebanana,
kisha weupe wa bahari, kisha bara.
Mgeni akisimama hapo atasema: huku wapo, kule hawapo.
Mimi najua gari lilikwama wapi.
Weupe ule wa Micheweni ni springi iliyokatika.
Kojani ni patupu kwa kuwa nauli ya boti
haikuwamo kwenye bajeti.
Hii si ramani ya buibui. Ni ya miguu yetu.

Wao hawaulizi nauli.
Kibete hupanda ncha ya jani, huinua tumbo,
huachia uzi usioonekana,
na upepo humchukua anakomchukua.
Anavuka mkondo bila kitambulisho cha mkaazi.

Juzi mama alikuja kuniletea chai,
ametoka kuchambua karafuu, vidole vinanuka makonyo.
Begani kwake, juu ya kitambaa cheusi,
kitu kikasita.
"Mama, buibui lako lina buibui,"
ngeli zote mbili katika pumzi moja,
na hapakuwa na mwanafunzi wa kucheka.

Nilimsogeza mama chini ya taa.
Dume. Kinundu. Na ule ufunguo,
haufanani na mchoro wowote nilio nao.
Kichupa kilikuwa wazi mkononi mwangu.
"Hawa hatuwaui," alisema, hakugeuka.
"Walimfungia Mtume mlango wa pango."
Chai ikawa inapoa.

Nukta isiyo na kielelezo haihesabiwi, hilo nalijua,
na mwezi ujao watakuja wenye mradi kukagua.
Nimeiweka hata hivyo, kwa penseli, inafutika,
palipo na nyumba yetu,
na kando yake, kwa herufi za kibete:
*Mize Faki. Begani.*