Ungo Usiopeta

Barua ya kampuni ilifika Januari:
bei imepanda tena, waliandika, kwa heshima zote.
Babu Verlyn aliisoma amesimama,
akaikunja mara nne,
akaisukuma chini ya mguu mfupi wa meza ya jikoni.
Meza ikatulia.
Mwisho wa mwezi wakatukatia.

Skrini ikabaki na sentensi moja:
*Natafuta setilaiti.*
Siku tisa inatafuta.
Bibi Ardis akasema, kanunue kingine, dola arobaini tu,
hicho katupe.
Lakini mtu aliyepima ngano miaka thelathini na mmoja
hatupi kitu kabla hajakigeuza nyuma.

Akakigeuza nyuma.
Vumbi. Nondo mkavu. Kibandiko cha bei.
Na kando ya waya unaotoka kwenye ungo,
tundu moja ambalo hatukuwahi kuliuliza kazi yake,
miaka kumi na minne liko wazi
kama sikio katika nyumba ya walionuniana.
"Antena," babu akasoma, kidole juu ya herufi.

Basi nikapelekwa darini,
pumzi yangu ikiganda mbele yangu,
mkononi antena ya marehemu mjomba Orrin,
mifupa ya samaki wa bati,
na sauti ikipanda ngazi kutoka chini:
Kushoto!
Kushoto kwako au kwangu?
Kushoto kwa mnara!

Mnara uko nyuma ya kilima cha Tosten.
Kila usiku tunaiona taa yake nyekundu
na hatukuwahi kudhani kwamba inasema.

King'amuzi kikahesabu chaneli. Mbili.
Tano.
Tano bado.
Nikainua kiwiko. Kumi na moja.
Hapo hapo! Usipumue!

Niliposhuka, antena nimeifunga kwenye boriti kwa kamba ya kiatu,
nilidhani mtu amesafisha dirisha.
Kutoka juu picha zilikuja zimebanwa,
kama nguo za sanduku moja kwa safari ya watu sita.
Hii haikubanwa. Niliona uzi uliolegea
kwenye kola ya mtangazaji.
"Huyo ni mtoto wa Gladys Brekke," bibi akasema,
"alituibia matofaa."
Chini yake zikapita shule zilizofungwa kwa theluji,
kisha daraja la kinu: limefungwa tangu Oktoba.

Tangu Oktoba!
Bibi akaweka kikombe chini.
Tulijua bei ya mafuta huko Rotterdam.
Tulijua nani kaachana na nani huko Hollywood.
Maili elfu ishirini na mbili kwenda juu
tulikwenda kuchota habari,
na mnara uko maili ishirini na mbili.

Usiache mbachao kwa msala upitao.
Sawa, lakini hapa mbachao ni upi:
hiki kikuukuu kilichonusurika jalala,
au mnara uliosimama pale
kabla hatujapandisha ungo paani?

Babu hasifii kila kitu.
Zamani, anasema, picha mbovu ilikuwa chenga tupu,
ila ndani ya chenga ulimwona mtu.
Siku hizi upepo ukivuma inavunjika viraba,
Brekke anabaki shavu moja na sikio,
halafu kimya.
Bibi bado anataka kile cha dola arobaini,
kiwe cha chumbani.

Juu ya paa ungo unatazama kusini vilevile.
Umejaa theluji mpaka ukingoni
na hakuna wa kuipeta.

Na kila asubuhi, kikiwashwa,
king'amuzi huanza na lile lile:
*Natafuta setilaiti.*
Babu anaweza kukikatisha. Rimoti iko mkononi.
Anakiacha kwanza. Anakoroga kahawa.
Kisha anabonyeza,
na mtoto wa Gladys anatwambia
baridi ya leo ni kiasi gani hapa.