Sekunde Tisa

Irja Kettunen alizungumza dakika kumi na moja,
jikoni kwake, saa tatu kwa gari kutoka Oulu,
viatu vyetu vikivuja theluji kwenye zulia lake.

Alisema: "Meneja simlaumu.
Mashine zilikuwa kuukuu, karatasi haziuziki.
Lakini Veikko aliachiwa barua mlangoni, kama tangazo la piza.
Akaisoma amesimama. Koti hakulivua hadi usiku.
Kwa barua ile, sitasamehe."

Tisa, alisema mhariri mkuu. Nipe sekunde tisa.

Nikatanguliza meneja akishuka garini.
Kisha Irja: "Sitasamehe."
Pale mkato ulipotaka kuonekana
nikaufunika kwa mikono yake na kikombe,
kikombe tulichomwomba akishike tena
mahojiano yakiwa yamekwisha, kahawa imepoa.

Neno sikuongeza. Kila silabi ni yake.
Kinywa ni jumba la maneno, wasema;
mimi niliondoa kuta tu,
nikaacha mlango umesimama peke yake uwanjani.

Jumatatu gari la meneja lilivunjwa vioo.
Jumanne Irja akapiga simu. Nilijiandaa kwa matusi.
Aliuliza tu:
"Na Veikko? Mlimweka wapi?"

Nikafungua jalada la vipande vilivyotupwa.
Yumo. Koti mwilini, taa haijawashwa,
na pumzi ndefu ya mkewe kabla ya kumtaja,
sekunde nne
ambazo kwa mkono wangu niliziandikia: kimya, futa.