Mita Tatu

Nyumba zetu zote ziliupa mto mgongo.
Vyoo vilielekea huko, na majivu, na makombo ya jana,
na lile dirisha dogo la jiko la mama
ambalo ndoo ilipita kwa shida.
"Mto hauna macho," alizoea kusema Wagiyem,
akimwaga maganda ya soya pasipo kutazama,
kama mtu atemaye mate gizani.

Kisha Merapi ukakohoa,
mvua ikauteremsha mchanga wa kijivu hadi Yogyakarta
na mto ukapanda ngazi za watu bila hodi.
Asubuhi tulikuta vyetu vimerudishwa:
viatu, chupa, godoro la watu wa juu huko,
na ndani ya sufuria ya mama, maganda.

Tulikaa kikao usiku nne mfululizo, kwa Ngatijo,
chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa.
Kila nyumba ikatwe mita tatu,
njia ipite hapo, milango igeuzwe,
tuutazame mto usoni.
Fedha? Kijiko cha mchele, kila nyumba, kila usiku,
katika kikombe kwenye msumari ukutani.
Walinzi wa zamu hupita wakigonga mianzi, wakikusanya,
kijiko juu ya kijiko,
hadi mchele ukawa saruji, ukawa bomba la maji machafu.
Suprih aliandika hesabu kwa chaki mlangoni pake
na hakuna aliyethubutu kuifuta.

Mimi ndiye niliyeshika futikamba.
Nilipima kwa Ngatijo, kwa mjane Tukinah,
kwa fundi redio aliyenitukana hadi ukoo.
Kwa mama nilifika mwisho.
Mita tatu zilikula jiko lote.
Nikapima tena, nikailegeza kamba, nikaivuta.
Namba ni namba.
Alisimama na mwiko, mafuta yakidondoka.
"Hapa ndipo nilipokuzaa," akasema, "sakafuni,
kwa kuwa ambulensi haikuweza kushuka.
Pima na hilo."

Wiki mbili hakunisemesha.
Ya tatu, akiwa amenigeuzia kisogo, akauliza:
"Mita tatu. Ambulensi inapita?"
"Inapita, ikikunja vioo."
Akanyamaza. Akamalizia kukaanga.
Kesho yake nilimkuta na nyundo, peke yake,
anabandua vigae, kimoja kimoja,
anavipanga kwa rangi.
"Vya buluu viwekwe kizingitini," akasema,
kana kwamba mlango ulikuwa wazo lake.

Siku ya kwanza ya mlango huo
alitoka na ndoo ya maganda, kama siku zote,
mkono umeshainuka.
Kule chini watoto wawili wamechutama majini
wanatafuta kambale chini ya mawe.
Mmoja akamwona, akampungia.
Na mama, ndoo ikiwa hewani, mto mzima unamtazama,
hakuwa na la kufanya
ila kupunga ndoo.